Mtoto wa Kisiwa Naye Apande Ubao

Upande wa kusini-mashariki wa Bonaire, kisiwa kidogo kilicho kilomita kama 80 kaskazini mwa Venezuela, kuna ghuba inayoitwa Lac. Mdomo wake umekingwa na mwamba wa matumbawe, kwa hiyo mawimbi ya bahari kuu huvunjikia nje, na ndani hubaki maji tulivu juu ya mchanga mweupe. Sehemu kubwa ya ghuba hiyo maji humfika mtu mzima kiunoni tu. Upepo wa mashariki huvuma hapo karibu mwaka mzima, tena kwa nguvu isiyopandapanda na kushuka ovyo. Anayejifunza kupanda ubao wa tanga, ule ubao wenye mlingoti mmoja ambao mpandaji huuongoza kwa kulishika tanga kwa mikono yake mwenyewe, hawezi kutamani shule nzuri kuliko hiyo. Akianguka husimama, akavuta tanga, akaendelea. Wadachi, Wamarekani na Wajerumani huvuka bahari kuja kutumia likizo zao kwenye ufukwe wa Sorobon, kando ya ghuba hiyo, kwa ajili ya upepo na maji hayo.

Lakini walioipa Sorobon jina duniani ni watoto wa kisiwa. Vijana wa Bonaire walizoea kushinda ufukweni hapo baada ya masomo, wakapanda mbao za zamani na matanga yaliyokwisha kutumika na wengine. Katika vijana hao wakatokea ndugu wawili, Taty Frans na Tonky Frans, ambao walikwenda kushindana Ulaya na wakawa miongoni mwa wapandaji wanaoheshimiwa zaidi katika mtindo huria, yaani ule wa kuruka, kuzunguka na kugeuza tanga hewani juu ya maji tambarare. Nyuma yao akaja Kiri Thode, na mwaka 2013 akatwaa ubingwa wa dunia wa mtindo huo. Wakati ule Bonaire ilikuwa na wakazi wasiofika 20,000.

Mtu anaweza kusema hiyo ni bahati ya kisiwa kimoja. Basi atazame jirani. Kwenye kisiwa cha Margarita, ambacho ni sehemu ya Venezuela, kuna kijiji cha wavuvi kinachoitwa El Yaque. Wageni wa Ulaya walipogundua upepo wake, kijiji kikageuka kituo cha mchezo huo. Mtoto mmoja wa hapo, José Estredo, ambaye wapenzi wa mchezo wanamwita Gollito, ametwaa ubingwa wa dunia wa mtindo huria mara nyingi kuliko mwanamume mwingine yeyote. Na kutoka Aruba, kisiwa cha tatu katika maji hayohayo ya kusini mwa Karibiani, ametoka Sarah-Quita Offringa, ambaye upande wa wanawake ametawala mchezo huo kwa miaka mingi tangu alipopata ubingwa wake wa kwanza mwaka 2008. Katika mchezo ambao vifaa vyake vina bei ya kumkatisha tamaa mzazi wa kipato cha kawaida, visiwa hivi vitatu vidogo vimeyashinda mataifa tajiri yenye pwani ndefu mara mia.

Ndiyo maana nimefikia msimamo huu kuhusu likizo za visiwani na michezo yake: kipimo chake ni kama mtoto wa kisiwa naye yumo mchezoni. Wingi wa vitanda, urefu wa orodha ya burudani kwenye vipeperushi na idadi ya ndege zinazotua havitoshi kunieleza kama kisiwa kinafaidika. Nikitaka kujua hilo, nitauliza nani mwingine yuko majini saa kumi jioni, na kama waliopo ni wageni peke yao, nitaamini kwamba kuna kitu kimeibiwa hapo, hata kama kila hati ya kiwanja ina muhuri.

Kipimo hiki nakitetea kwa sababu maumbile peke yake hayatoi bingwa. Upepo wa Bonaire ulikuwapo kabla ya mtu yeyote kubuni ubao wa tanga. Kilichowainua kina Frans na Thode ni mambo matatu yaliyokutana. La kwanza, ufukwe ulikuwa wazi: mtoto angeweza kufika kwa miguu au kwa baiskeli bila mlinzi kumuuliza anatafuta nini. La pili, vifaa vya zamani havikufungiwa stoo, vilimfikia mtoto. La tatu, kisiwa chenyewe kilikuwa na mazoea ya tanga. Tangu miaka ya 1960 Bonaire imekuwa na mashindano yake ya mashua kila Oktoba, yaliyoanza na mashua za wavuvi na kukua kuwa sikukuu ya kisiwa kizima. Mtoto aliyemwona babu yake akibisha dhidi ya upepo ili kurudi nyumbani na samaki hahitaji kueleweshwa tanga ni nini. Anahitaji ubao tu, na nafasi.

Bonaire ina mchezo mwingine unaojulikana zaidi ya huo, nao ni kupiga mbizi. Hapa mambo yana uzito wake na hayafai kupitiwa haraka. Upande wa magharibi wa kisiwa, uliokingwa na upepo, mwamba wa matumbawe unaanza hatua chache tu kutoka nchi kavu. Mzamiaji hahitaji boti. Anapakia mitungi ya hewa kwenye pikapu, anaifuata barabara ya pwani mpaka aone jiwe lililopakwa rangi ya njano na kuandikwa jina la mahali, anaegesha gari, anavaa vifaa vyake na kuingia majini kwa miguu. Dakika chache baadaye yuko kwenye mteremko wa matumbawe akiwa na kasa, mikunga na samaki aina ya kasuku wanaotafuna mwamba kwa kelele anayoisikia waziwazi.

Mwamba ule haukusalia kwa bahati. Bonaire ilianza kulinda kasa na mayai yao mwaka 1961. Mwaka uliofuata akafika nahodha mmoja Mmarekani, Don Stewart, aliyekuja na mashua yake na kuanza kuwapeleka watu kupiga mbizi. Mwanzoni naye alikuwa mtu wa bunduki ya mkuki. Alipoona samaki wakubwa wakipungua aligeuka, akawa miongoni mwa waliopigania mkuki upigwe marufuku, na mwaka 1971 ukapigwa marufuku. Mwaka 1979 maji yote yanayozunguka kisiwa, kuanzia mstari wa maji kujaa mpaka kina cha mita 60, yakawa hifadhi ya bahari. Hakuna kutia nanga juu ya matumbawe. Mashua hufungwa kwenye maboya. Mzamiaji havai glavu, kwa sababu mwenye glavu hushawishika kushika, na tumbawe linaloshikwashikwa hufa. Kabla ya kuachiwa azame atakavyo, mgeni hupewa maelezo ya sheria na kufanya mbizi ya majaribio ili aonekane kama anaweza kuelea bila kugonga mwamba.

Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mgeni hulipa ada ya mazingira. Leo ni dola 40 za Marekani kwa mwaka, na fedha hizo huendesha STINAPA, taasisi inayosimamia hifadhi ya bahari pamoja na hifadhi ya nchi kavu ya Washington Slagbaai iliyoanzishwa mwaka 1969. Watu wengi wa utalii waliapa kwamba ada ingewafukuza wageni. Haikuwafukuza. Mtu aliyenunua tiketi ya ndege kuvuka Atlantiki hageuki nyuma kwa ajili ya dola 40, hasa akielezwa zinakwenda wapi. Ninaitaja ada hii kwa makusudi kwa sababu kuna serikali nyingi za visiwani zinazoogopa kumtoza mgeni chochote, kisha zinalia kwamba hazina fedha za boti ya doria.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Klein Bonaire, kisiwa kisichokaliwa na watu kilicho mbele ya mji wa Kralendijk. Kilikuwa mali ya watu binafsi, na kwa miaka mingi kulikuwa na tishio la kujengwa hoteli juu yake. Mwaka 1999 kilinunuliwa kutoka kwa wenye hati na kurudishwa kwa umma, kikaingizwa hifadhini. Sasa boti ndogo huvusha watu kwenda kuogelea, na kwenye mchanga ule familia ya Kralendijk yenye kapu lake la chakula hukaa karibu na wageni waliovaa miwani na mabomba ya kupumulia. Hakuna ukuta kati yao. Hoteli ingejengwa pale, mtoto wa Kralendijk angekua akikitazama kisiwa hicho kila siku ng'ambo ya maji bila kukikanyaga, isipokuwa labda siku atakapoajiriwa kutandika vitanda.

Kwenye visiwa vingine watoto wanakua hivyo. Jamaika ina sheria ya fukwe ya mwaka 1956, iliyotungwa na utawala wa Kiingereza miaka sita kabla ya uhuru. Sheria hiyo iliweka sakafu ya bahari na eneo linalofunikwa na maji mikononi mwa dola, lakini haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kufika ufukweni na kuogelea. Uhuru ulipatikana mwaka 1962, bendera ikabadilika, sheria ikabaki. Juu ya msingi huo zikapanda hoteli za kulipia kila kitu kabla, zile ambazo mgeni hufungwa utepe mkononi na kuanzia hapo chakula, kinywaji, mtumbwi wa plastiki na miwani ya kuogelea ni vyake bila kuhesabu. Ufukwe uliozungushiwa uzio ukawa sehemu ya bidhaa inayouzwa. Leo kuna Wajamaika waliofungua kesi mahakamani kudai njia na fukwe ambazo wazee wao walizitumia kwa vizazi, na kuna harakati ya wananchi, JaBBEM, inayodai sheria ile ifutwe.

Nimesoma hoja za upande wa pili na sizidharau. Wenye hoteli wanasema mgeni anataka utulivu, hapendi kuandamwa na wauzaji kila hatua, na nchi inahitaji dola zake. Ni kweli kwamba Jamaika inahitaji dola. Ni kweli pia kwamba hakuna anayependa kusumbuliwa akiwa amelala mchangani. Lakini usumbufu una dawa yake: leseni kwa wauzaji, sehemu maalumu za biashara, askari wa fukwe, vyoo na taa. Kumfukuza raia kutoka baharini ili mgeni asikutane na muuza shanga ni adhabu kwa watu wote kwa kosa la wachache. Na inamnyima mgeni pia. Mtu aliyekaa wiki nzima ndani ya uzio, akicheza mpira wa wavu na wageni wenzake chini ya uongozi wa kijana wa burudani mwenye filimbi, amekwenda likizo hotelini. Jamaika hajaiona.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye hesabu za taifa. Mtoto asiyefika baharini hajifunzi kuogelea, na asiyejua kuogelea hawezi kuwa mwalimu wa mbizi, mwokoaji, nahodha wa boti ya watalii wala mtafiti wa matumbawe. Kazi bora za uchumi wa bahari zinampita, zinachukuliwa na mtu aliyesomeshwa kuogelea kwenye bwawa la Ulaya, halafu tunaambiwa wenyeji hawana ujuzi.

Jamaika yenyewe inao mfano wa kujibu jambo hili, nao uko mtoni. Huko Portland, kwenye mto Rio Grande, wakulima walikuwa wakisafirisha ndizi kwenda pwani kwa chelezo za mianzi. Biashara ya ndizi ilipofifia, chelezo zikaanza kubeba watu. Mwigizaji wa Hollywood Errol Flynn, aliyefika kisiwani baada ya Vita Kuu ya Pili, alisaidia sana kuufanya mchezo huo ujulikane kwa wageni. Hata leo, Rio Grande na vilevile Martha Brae upande wa Trelawny, abiria wawili hukaa nyuma kwenye kiti cha mianzi na nahodha husimama mbele na upondo wake, akisoma maji, akijua wapi mto umechimba na wapi umejaza mchanga tangu mvua ya mwisho. Hakuna mgeni anayeweza kuja na cheti na kuichukua kazi hiyo. Elimu yake ni ya mto uleule. Likizo inayompa nahodha wa chelezo mshahara na heshima naiona ni likizo njema, hata kama haina picha za kustaajabisha.

Barbados nayo imechagua njia ya wazi: fukwe zote ni za umma, na kiwanja cha hoteli hakiendelei mpaka majini. Kwenye pwani yake ya mashariki, Bathsheba, Atlantiki inapiga moja kwa moja na kutengeneza wimbi maarufu liitwalo Soup Bowl, ambalo bingwa Kelly Slater amelitaja miongoni mwa mawimbi anayoyapenda zaidi duniani. Wenyeji wamo majini muda wote, na kutoka kisiwa hicho Chelsea Tuach alifika kushindana kwenye ligi kuu ya dunia ya kuteleza mawimbini mwaka 2016. Utalii wa Barbados haukufa kwa sababu wananchi wanaogelea mbele ya hoteli za kifahari. Baadhi ya hoteli za bei kubwa kabisa katika Karibiani ziko hapohapo, na mbele yake asubuhi wazee wa Barbados huja kuoga bahari kama walivyozoea maisha yao yote.

Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa sana kwa nini mambo haya yananigusa. Malindi na Watamu zilipata hifadhi zake za bahari mwaka 1968, mapema kuliko Bonaire, na Tanzania ilifungua hifadhi ya Mafia mwaka 1995. Huko Paje, upepo wa kusi na kaskazi umeleta mchezo wa kaiti, mtu akivutwa juu ya ubao na tiara kubwa, na kwenye maji hayohayo yenye kina kifupi wanawake wamekuwa wakilima mwani. Wako vijana wa Kizanzibari ambao sasa wanafundisha kaiti, na kila mmoja wao ni ushahidi kwamba mlango ukiachwa wazi mtu anaingia. Lakini vilevile tunaijua njia ya kwenda ufukweni iliyokuwapo tukiwa wadogo na sasa ina geti. Tunazijua sikukuu ambapo umati mzima wa Mombasa unajibana kwenye ufukwe wa Pirates, huku kilomita nyingi za mchanga zikiwa nyuma ya kuta. Maamuzi ambayo Jamaika inayajutia mahakamani sisi bado tunayafanya, kiwanja kimoja baada ya kingine.

Sitaki kuipamba Bonaire kupita kiasi. Tangu Oktoba 2010 kisiwa hicho ni sehemu ya Uholanzi moja kwa moja, wakazi wameongezeka haraka, meli za kitalii hushusha maelfu ya watu kwa siku moja, na kodi za nyumba zimepanda mpaka wenyeji wanaozungumza Kipapiamentu wanaona kisiwa kikiwatoka mikononi. Mwaka 2023 ugonjwa unaoyeyusha nyama ya matumbawe, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014, ulifika huko pia, na wazamiaji wakatakiwa kuosha vifaa vyao kwa dawa kati ya mbizi moja na nyingine. Ghuba ya Lac, yenye mikoko, nyasi za bahari na kasa wanaokuja kula, ni ardhi oevu inayolindwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, lakini miguu ya watu wengi mno inakanyaga nyasi zilezile. Kwenye kupiga mbizi hasa, tofauti na tanga, wageni bado ndio wengi sana kuliko wenyeji, kwa sababu mtungi, kidhibiti cha hewa na kozi ya cheti havipatikani kama ubao wa zamani unavyopatikana.

Hapo ndipo ningependa ada ile ya dola 40 iende hatua moja zaidi. STINAPA tayari inafanya kazi na vijana wa kisiwa kuwafundisha mazingira na kuwapeleka chini ya maji. Sehemu ya ada itengwe kwa sheria, si kwa hisani, ili kila mtoto wa Bonaire akifika darasa la mwisho la shule ya msingi awe anajua kuogelea, amekwishauona mwamba kwa macho yake kwa miwani na bomba, na mwenye kutaka asomeshwe cheti cha kwanza cha mbizi bila wazazi kulipa. Shule za tanga za Sorobon zipewe masharti ya kukodi ufukwe yanayotaja idadi ya nafasi za watoto wa kisiwa kwa wiki, na vifaa vinavyoondolewa kwenye matumizi ya wageni vikabidhiwe kwao badala ya kuuzwa nje.

Jamaika ina kazi kubwa zaidi, kuifuta sheria ya 1956 na kuandika nyingine inayoanza na haki ya mwananchi kufika majini, kisha ndiyo ije kwenye leseni. Na anayepanga likizo ya Karibiani, awe anatokea Rotterdam, Toronto au Dar es Salaam, kabla ya kulipa aiulize hoteli maswali mawili: je, ufukwe wenu una njia ya umma, na anayefundisha tanga, mbizi au mawimbi hapo kwenu alizaliwa wapi? Hoteli zinazofanya vizuri zitajibu siku hiyohiyo, kwa majina.